Matawi Manne ya Mlusina

Watoto wangu hunicheka kwa sababu siwezi kupita mahali palipotandazwa matawi mabichi nyuma ya gari bovu bila kumwambia dereva apunguze mwendo. Dereva anakuwa ameshayaona, tena ameshapunguza, lakini mimi lazima niseme. Nikishasema nageukia dirishani, nisiulizwe neno. Siku hizi magari mengi yana zile pembetatu nyekundu, na barabara ya Babati kwenda Singida ni lami tupu, ila lori likikwama pale Mogitu dereva bado anachukua panga na kuingia vichakani kama zamani. Tawi lililokatwa muda huo huo lina harufu yake, kali kidogo, inayokaa puani. Harufu hiyo ndiyo inayonirudishia mjomba wangu Bura, ambaye tumemzika mwaka huu mbali na kwetu.

Nitasema mapema ili msomaji asihangaike: matawi ya siku ile niliyaondoa mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

Tulikaa Tlawi, katika nyumba ya bati karibu na shule aliyofundisha baba. Baba alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Hata viatu vyetu mlangoni vilipangwa kwa kimo. Mjomba Bura alikuwa mdogo wake mama, wa tumbo moja. Wazazi wao walipofariki alikuwa darasa la tatu, mama akamchukua, akakulia kwetu. Kwa hiyo mimi nilipoanza kutambua watu, niliwatambua watatu kwa pamoja, baba, mama na mjomba, na sikujua kwamba mmoja wao alikuwa pale kwa hisani. Baba alimfundisha darasani na hakumsamehe kwa kutofaulu. "Akili anayo," alizoea kusema, "ila haijatulia mahali pamoja." Mjomba alikuwa akisikia hivyo anacheka. Alicheka kwa pua kwanza, halafu mabega, na mdomo ndio ulikuwa wa mwisho. Sijakutana tena na mtu anayecheka kwa mpangilio ule, na nimekutana na watu wengi.

Kazi yetu ya pamoja ilikuwa majani. Baba alifuga ng'ombe wawili bandani, maana malisho yalikuwa yamebanwa na mashamba, na juu ya makinga maji alikuwa amepanda milusina, miti ya malisho. Mjomba alikata kwa panga, mimi nikabeba. Mama alikuwa na sheria moja katika kazi hiyo: jani la mlusina halilali chini. Tukifika bandani akahesabu kwa macho na kuona tumeangusha tawi njiani, mimi ndiye niliyerudishwa kulifuata, mvua au ukungu. Ukungu wa Tlawi wa mwezi wa sita wenyeji wanaujua. Nilikuwa narudi peke yangu, vidole vimekufa ganzi, nikitafuta tawi moja kwa ajili ya ng'ombe ambaye ameshakula mzigo mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya kwanza, kabla ya a, e, i, o, u.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Wa rika langu mnakumbuka jinsi sabuni zilivyorudi madukani, mitumba ikamwagwa gulioni, na magari yakaanza kuonekana barabara za kwetu yakiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni. Mjomba alipata kazi ya kuendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Mbulu mjini. Nilimuuliza yale maandishi mlangoni yanasema nini. Akayaangalia kwa makini, akanijibu kwamba yanasema "Bura, mtu wa Tlawi, asisumbuliwe". Niliamini mwaka mzima. Niliwaambia na wenzangu shuleni.

Basi mjomba akapata mchumba, msichana wa Dareda anayeitwa Emiliana, fundi cherehani. Kwetu mtu hajipeleki mwenyewe kuomba mke. Anasemewa. Na upande wa mama wazee walikuwa wameisha, kwa hiyo wa kumsemea mjomba alikuwa mmoja tu, shemeji yake, yaani baba. Mama alimbembeleza baba tangu kupanda hadi kuvuna. Mwisho baba akakubali, kwa sharti moja. Katika mahari mjomba alikuwa ametaja mtamba mmoja aliyekuwa Gendabi, na baba alitaka kumwona kwanza. "Siwezi kusimama mbele ya watu nikaongelea ng'ombe nisiyemjua," alisema.

Huyo mtamba naye alikuwa na historia yake. Watu wa kwetu wenye busara hawaweki ng'ombe wao wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au ukame, umekwisha. Unampeleka mmoja kwa rafiki, mbali, ambako mvua ni tofauti. Maziwa yanakuwa ya rafiki anayechunga, na uzao unakuwa wako. Babu yangu mzaa mama alikuwa ameweka ng'ombe kwa mfugaji wa Gendabi, Mzee Gidamuda, wakiwa vijana wote wawili. Babu akafa, lakini ng'ombe wake wakaendelea kuzaa kule, na Mzee Gidamuda akaendelea kuwajua mmoja mmoja. Mtamba wa mjomba alikuwa kitukuu wa ng'ombe wa kwanza. Mama aliposema habari zake, ilikuwa kama anamtaja ndugu aliyeolewa mbali.

Tuliondoka wakati wa likizo. Mjomba alikuwa amepewa gari kwa siku mbili. Mbele walikaa yeye, baba, na mama aliyempakata mdogo wangu. Mimi nyuma, juu ya gunia lililojazwa majani makavu, nikishika mbao. Sikuwahi kupanda gari kabla ya hapo. Tulipita Dongobesh, tukaanza kuteremka ukingo mrefu kuelekea Dareda, na baridi ikawa inabaki juu yetu kidogo kidogo. Nilivua sweta. Nikaona nchi iliyo bapa, na Mlima Hanang umesimama peke yake na wingu kichwani. Nilidhani hapo ndipo dunia inaanzia, kwamba sisi kule juu tulikuwa tumewekwa pembeni tusisumbue.

Dareda tulisimama. Emiliana alikuwa anatusubiri kando ya barabara na kikapu cha maandazi, amejifunga kitenge kipya. Akamwamkia baba, shikamoo mwalimu, macho chini. Baba akaitika marahaba, akamuuliza habari za wazazi, na nikamwona anajitahidi asitabasamu. Mjomba alikuwa anafuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi. Emiliana akaja nyuma, akanipa andazi la ziada, akaniambia, "Paskalina, mtunzie mjomba wako huyo mtamba. Asifike amekonda." Nikamwambia nitamtunza. Nilisema kwa moyo wangu wote, na mpaka leo nikikumbuka naona haya kwa jinsi nilivyokuwa na nia njema.

Gendabi tulilala usiku mmoja. Mzee Gidamuda alimshika mama mkono wa kuume, akaushikilia muda mrefu bila kuuachia, akamwangalia. "Una macho ya yule rafiki yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. Tulikunywa maziwa kwenye kibuyu yenye harufu ya moshi. Asubuhi wakamleta mtamba, mwekundu, na doa jeupe begani. Baba akamzunguka mara mbili kama anavyozunguka dawati la mwanafunzi, akamtazama kwato, akamtazama meno. Halafu akamgeukia mjomba. "Jumamosi nitakwenda Dareda," akasema. "Nitakusemea." Mjomba akainamisha kichwa, akasema, "Asante, shemeji." Hakucheka. Ni mara ya pekee niliyomwona anafurahi bila kucheka.

Safari ya kurudi mtamba alichukua nafasi yote ya nyuma, akafungwa kamba mbao za kulia na kushoto, na mimi nikabanwa mbele kati ya baba na gia. Alikuwa analia. Alilia tangu Katesh, alilia Nangwa, na kila alipolia nilijisikia nimevunja ahadi. Nilimwambia mama kwamba mtamba ana njaa. Mama akasema anamlilia mama yake, atanyamaza. Baada ya kupita Nangwa na kukaribia Mogitu gari likaanza kukohoa, mjomba akalisukumia upande wa kushoto, likazima.

Tulikuwa tumevuka mwinuko kidogo tu. Nyuma yetu barabara ilipanda ikakatika juu, huoni kinachokuja. Mbele ilionekana mpaka mbali, nyeupe kwa vumbi. Mjomba akafungua boneti, akanusa, akasema bomba la mafuta limepasuka, atalifunga na mpira. Akamwambia baba, "Ngoja nikakate matawi kwanza." Baba akaitikia bila kuinua macho, alikuwa na gazeti, na mdogo wangu alikuwa amelala mapajani kwake. Mama akashuka kunyoosha miguu, akakaa kivulini ng'ambo ya mtaro. Jirani na pale palikuwa na shule iliyozungushiwa uzio wa milusina. Mjomba akarudi na matawi manne mazuri, yenye majani tele. Moja akaliweka nyuma ya gari, la pili mbali kidogo, la tatu mbali zaidi, na la nne akalipeleka mpaka juu kabisa ya mwinuko. Halafu akarudi, akalala chali, akaingia chini ya gari. Miguu yake tu ndiyo ilibaki nje.

Nilimtazama akiyaweka yale matawi na nikamshangaa. Kule kwetu gari lilipita mara mbili kwa siku, na likiharibika linaharibikia kwenye matope, watoto wote wanakwenda kusukuma. Sikuwahi kuona mtu akiweka alama barabarani. Nilichokiona mimi ni mjomba amekata majani ya mtamba, halafu, kwa ile akili yake isiyotulia ambayo baba alikuwa anaisema, ameyaangusha njiani, moja hapa, moja pale. Na mtamba analia.

Nikaenda nikachukua la kwanza. Nikalipitisha kati ya mbao, na mtamba akaacha kulia, akavuta kwa ulimi. Sauti ile ya ng'ombe kuvuta jani la mlusina ninaipenda mpaka kesho. Nikafuata la pili. Nikafuata la tatu. Kila mara nilipita karibu na miguu ya mjomba, na nilimsikia akiimba chini ya gari, wimbo wa kanisani, lakini maneno ameweka yake. Yalikuwa yanamtaja Emiliana. La nne lilikuwa mbali, jua linachoma, nikasema niliache. Halafu nikakumbuka kwamba jani la mlusina halilali chini. Nikapanda mpaka juu, nikalishika shina, nikaanza kuliburuta nikiteremka kandokando ya mtaro.

Sikulisikia lori kwa sababu tawi lilikuwa linakwaruza changarawe. Nililihisi miguuni. Likanipita, upepo ukanisukuma, vumbi likafunga, na ndani ya vumbi honi ikalia bila kukatika. Nikaona mgongo wa lori, magunia yamepangwa juu sana, unakwenda moja kwa moja kwenye pikapu yetu. Nikaona ile miguu ya mjomba. Mama alipiga ukelele mmoja kwa lugha yetu, jina la mjomba. Lori likayumba kulia, magurudumu ya upande mmoja yakapanda ukingo wa barabara, likainama mpaka nikaona chini yake, likarudi, likapita. Likapita kwa nafasi ya kiganja. Kioo cha pembeni cha pikapu kiliondoka nalo.

Mdogo wangu akawa analia, na mtamba anatafuna. Mjomba akajivuta kutoka chini ya gari, uso umejaa mafuta na mchanga, akasimama, akakaa, akasimama tena. Baba alishuka na mtoto kifuani, akiwa amelishika gazeti bado. Mama hakuwaendea. Alinijia mimi. Nilidhani ananijia kunikumbatia. Akanipokonya lile tawi la nne, akalitupa mtaroni kwenye majani marefu, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Niliudhika. Nilikuwa nimelibeba mbali lile.

Dereva wa lori alisimama mbele, akarudi kwa miguu. Alikuwa mtu mzima. Hakupiga kelele. "Ndugu yangu," alimwambia mjomba, "hata tawi moja? Unalala chini ya gari nyuma ya mlima, hata tawi moja huweki? Nina watoto mimi."

"Niliweka," mjomba akasema.

Baba akampa mama mtoto, akapanda barabara mpaka juu, akitazama chini, akarudi. Alitembea taratibu. "Hakuna kitu," akasema. "Uliniambia unakwenda kukata matawi. Matawi yako wapi?"

Mjomba akageuka kulitazama gari. Mtamba alikuwa amesimama na tawi la mlusina limening'inia mdomoni, na miguuni kwake kulikuwa na mashina mawili yaliyokwanguliwa. Mjomba akamtazama mtamba, akanitazama mimi, akamtazama mama. Mama alikuwa bado amenishika mkono.

"Nilimpa mtamba," mjomba akasema. "Alikuwa analia, nikampa. Nikasahau kukata mengine."

Hapo ndipo ninapotaka kusema ukweli juu yangu. Nilikasirika. Sikuwa na habari ya hatari wala alama. Nilichosikia mimi ni kwamba mjomba, mtu niliyempenda kuliko wote, ameninyang'anya kazi yangu. Mimi ndiye niliyemlisha. Mimi ndiye niliyepanda mwinuko juani. Nilifungua mdomo kusema "ni mimi", na mama akanifinya, akasema, "Nyamaza, wakubwa wanaongea." Nikanyamaza. Nilinuna mpaka Tlawi, na mjomba aliponipa pipi Dareda nilikataa kuipokea. Emiliana alikuwa barabarani tena. Baba hakushuka.

Jumamosi ikafika na baba hakwenda. Mama alimsihi jikoni, nami nilikuwa nachambua maharage hapo hapo. "Nitawaambia nini wale wazazi?" baba alisema. "Kwamba ni kijana mzuri? Alitanguliza ng'ombe wa mahari yake, watoto wangu akawakabidhi kwa lori. Mimi nikisema neno la mtu, nalisimamia. Hilo siwezi kulisimamia." Mama akasema, "Alikosea mara moja." Baba akasema, "Mara moja ndiyo inayoua." Na kwa yale aliyokuwa anayajua, baba alikuwa na haki. Hilo limenichukua miaka mingi kulikubali.

Wiki mbili baadaye mjomba alirudisha gari kwa mwenyewe, akafunga begi. Watu walikuwa wanakwenda Mererani kuchimba madini, akasema naye anakwenda kujaribu. Mimi nilikuwa bado nimenuna. Alipita bandani, akakata majani ya siku hiyo, mzigo mkubwa, akaupanga, akanitania kwamba sasa nitapata raha, hakuna wa kunitangulia njiani. Sikumjibu. Niliona mgongo wake unateremka njia ya kanisani, na begi la kijani, na nikadhani atarudi siku ya gulio. Emiliana aliolewa mwaka uliofuata na mtu mwingine. Mtamba akabaki kwetu, akazaa, na sisi tukanywa maziwa yake miaka na miaka. Nilikua kwa maziwa hayo.

Nikaanza kumkosa taratibu, vibaya. Nilimkosa kwanza katika majani, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito. Halafu nikamkosa jioni, kwa sababu nyumba ya watu walionyooka haina mtu wa kudanganya kuhusu Kijapani. Baba mwenyewe, nina hakika, alimkosa. Alikuwa anaanza kusema "akili anayo" halafu anasita, hana wa kumsema. Barua zilikuja mbili, zote zimeandikwa "hamjambo, mimi mzima", na mama akaziweka chini ya godoro.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoelewa. Nilikuwa kwenye basi nakwenda shule ya sekondari, basi likapasua tairi, konda akashuka na panga. Nikamtazama dirishani akikata matawi. Akaweka moja, akatembea, akaweka jingine, akatembea. Nilimuuliza mama mmoja aliyekaa karibu yangu anafanya nini yule. Akanishangaa. "Mtoto wa wapi wewe? Si ili magari yajue kuna gari limeharibika." Nilishuka kwenye basi nikatapika. Watu walidhani ni safari.

Sikumwambia mtu. Miaka kumi nilibaki nayo hivyo hivyo, na nilikuwa mtu wa kusali kila Jumapili. Nilimwogopa baba, na zaidi ya baba niliogopa uso wa mama atakapojua kwamba mimi ndiye niliyemfukuza ndugu yake wa pekee.

Tulikuwa tumeshamegwa kutoka Arusha kuwa Mkoa wa Manyara nilipochumbiwa, na baba, ambaye alikuwa amestaafu, alikuwa ananung'unika kwamba karatasi zake zote zimeandikwa Arusha. Katika mahari za kwetu kuna blanketi la mjomba. Linaletwa, mjomba wa bibi harusi anafunikwa mabegani, watu wanapiga vigelegele. Langu lililetwa, la kijivu lenye mistari, na hapakuwa na bega. Mama akalikunja, akaliweka kitandani. Usiku ule sikuweza kulala, na asubuhi nilimkuta mama jikoni anachochea moto. Nikamwambia. Nilisema yote mfululizo, matawi, mtamba, basi, miaka yote. Nilisubiri.

Mama aliendelea kuchochea. "Nilikuona," akasema. "Unadhani lile tawi nilikupokonya kwa nini?"

"Basi kwa nini hukumwambia baba?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekutuma." Akaweka kuni chini. "Mtamba alikuwa analia, nami nimekaa kivulini. Nikakuambia, Paskalina, kayaokote yale majani mjomba wako ameyatupa. Hata mimi sikujua ni ya nini. Nilizaliwa wapi mimi nijue mambo ya magari? Nilijua lile lori lilipopita, na wewe unateremka na tawi. Na usiku ule nikamwomba Bura anyamaze. Nikamwambia, wewe utapata mke mwingine. Shemeji yako akijua, mimi mume na mtoto nitawapata wapi? Akakubali hapo hapo. Hakufikiri hata kidogo."

Mimi sikumbuki kutumwa. Nakumbuka kila kitu cha siku ile, doa la mtamba, wimbo wa chini ya gari, lakini sauti ya mama kutoka kivulini siikumbuki. Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alikuwa anabeba upande wa mzigo wangu, na yeye mwenyewe ameshakufa, sina wa kumuuliza. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Tulilia pamoja mpaka uji ukaungua.

Alikwenda mwenyewe kumwambia baba. Walifunga mlango. Sikusikia sauti ikipanda. Baada ya muda baba alitoka amevaa koti lake la sherehe, akaingia chumbani kwangu bila kunitazama, akachukua blanketi, akaliweka kwenye mfuko wa plastiki, akatoka. Hakuwa amepanda basi miaka mitatu kwa sababu ya goti. Alikwenda mpaka Mererani.

Akarudi siku ya nne, peke yake. Mama alimletea maji, akasimama hapo hapo.

"Nimemkuta," baba akasema. "Ana mke na mtoto mmoja. Nimemfunika mwenyewe. Nimemwambia nilimkosea. Akasema, shemeji, hayo yameisha, kaa ule. Tukala."

"Atakuja?" mama akauliza.

"Amesema atakuja." Baba akanywa maji yote. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile jikoni, akanitazama mimi. "Wewe amekuuliza swali. Amesema: mwulize Paskalina, yule mtamba alishiba?"

Mama alianza kucheka, akashindwa kumaliza. Nami nilimwona mjomba kabisa akiliuliza swali hilo, pua, halafu mabega. Nikasema sitatuma jibu na mtu, nitakwenda mwenyewe nikamjibu uso kwa uso. Nikaolewa. Nikapata mtoto, nikapata mwingine, nikahamishwa kituo cha kazi, mama akaugua. Kila mwaka nilisema baada ya mavuno. Na yeye hakuja, alikuwa na yake. Mwaka huu nimefika Mererani kwa mara ya kwanza, na nilikuta wameshamfunga sanda, na lile blanketi la kijivu wamemtandikia chini.

Nilikaa hapo pembeni, watu wakanipisha. Nikainama nikamwambia polepole, kwa lugha yetu, kwamba yule mtamba hakushiba. Alikula matatu tu, mjomba. La nne lori lilikuja kabla sijamfikishia.